Fundi Mgeni na Kibali cha Kukaa

(Haya ni maneno ya hotuba juu ya kazi za wageni katika Kenya.)



Kila nchi huchagua wageni wa kufanya kazi kwake. Swali ni hili: ni kazi gani impayo mgeni haki ya kukaa?

Jambo hili si jipya. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, mwaka 1896 hadi 1901, waliletwa kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000: waashi, maseremala, wahunzi, makarani na vibarua. Wapatao 6,700 walibaki mikataba yao ilipokwisha. Waliajiriwa wajenge, hawakuajiriwa wafundishe.

Siku hizi iko Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Mgeni aliyeajiriwa huomba kibali cha daraja D, na hapana budi ionekane kwamba ujuzi wake haupatikani nchini, tena kwamba kazi yake itailetea Kenya faida. Aliyekuwa na vibali vya kazi kwa miaka 7, naye amekaa mfululizo miaka 3 ya mwisho, aweza kuomba ukaaji wa kudumu.

Ugumu uko katika neno hilo "haupatikani". Mwaka 2018 Serikali ilileta madaktari bingwa wapatao 100 kutoka Cuba, wakagawanywa katika hospitali za kaunti. Kwa mgonjwa akaaye mbali na mji, huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini chama cha madaktari kililalamika kwamba wako Wakenya waliosomea udaktari nao hawana kazi. Pande zote mbili zilikuwa na haki: madaktari walikuwapo, mabingwa walikuwa wachache. Mpango huo ulikoma mwaka 2023. Faida yake ya kudumu ni ile ya madaktari Wakenya wapatao 50 waliopelekwa Cuba wakati ule ule kuongeza elimu.

Basi jina la kazi peke yake halitoshi. Ufundi ulio adimu leo waweza kuwa tele baada ya miaka kumi. Kwa hiyo yafaa orodha ya kazi itazamwe mara kwa mara. Tena kila fundi mgeni awe na mwenyeji wa kumfundisha, na kibali kisiongezwe bila kuuliza mwenyeji huyo amefikia wapi.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Ni vema mwenyeji naye asimame karibu, aone jinsi linavyoshikwa.