Koga Ukutani: Kausha Kwanza, Paka Rangi Baadaye

(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ukanda wa Bagamoyo)



Kila mwaka masika yanapoanza kupungua, jambo moja huonekana katika nyumba nyingi, kuanzia Mapinga na Zinga hadi Bagamoyo mjini na kuendelea Saadani. Ukuta hutoa madoa meusi, godoro hunuka uvundo, na nguo za sandukuni huota koga. Mwenye nyumba hununua kopo la rangi, akapaka, na mambo huonekana yamekwisha. Vuli ikifika, madoa hurudi palepale. Fedha imekwenda na ugonjwa umebaki.

Neno kubwa la mazungumzo haya ni hili: koga ni dalili ya maji. Mahali penye unyevu usiokauka, hakuna rangi itakayodumu.

Koga ni kiumbe cha jamii ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, huelea hewani, na hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Zikiangukia pakavu hulala. Zikiangukia palipolowa huweza kuota baada ya siku moja au mbili. Mtu akizivuta kwa wingi huweza kupata mafua yasiyokoma, kikohozi na kubanwa kifua. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wenye pumu.

Jambo hili si dogo. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulithibitisha kuwa koga ya nyumba waliyopanga wazazi wake ndiyo iliyomdhuru mapafu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2023 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwabana wenye nyumba za umma katika jambo hilo, nayo huitwa kwa jina la mtoto huyo.

Je, koga hupimwaje? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilieleza kwamba hakuna kiwango cha koga kinachoweza kutajwa kuwa salama. Lililo muhimu ni kuzuia unyevu na kuondoa koga inapoonekana. Kwa hiyo jicho na pua vinatosha kujua kwamba ipo. Kinachohitaji kupimwa ni mahali maji yanapotoka. Chukua kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta. Kikilowa upande wa chumbani, unyevu umo katika hewa ya chumba.

Maji yaliyo ukutani yana njia zake. Hupanda kutoka ardhini pale msingi usipowekewa kizuizi. Hurushwa na mvua pale mapaa yanapokuwa mafupi. Huvuja kwenye tundu la msumari wa bati. Tena matofali yaliyofyatuliwa kwa mchanga wa pwani yana chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe, ukuta ulijengwa kwa chokaa ili upumue. Aupigaye lipu ya saruji huyafungia maji ndani.

Unyevu wa chumbani hutokana na kupika ndani, kuanika nguo ndani, na kufunga madirisha mchana kutwa. Wazee waliijua dawa yake: dirisha mkabala na dirisha, ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite.

Baada ya kuziba njia ya maji, ndipo usafi ufuate. Watoto na wenye pumu watoke, madirisha yafunguliwe, msafishaji afunge kitambaa puani na mdomoni. Ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni, ukaushwe kabisa, ndipo upakwe chokaa au rangi. Atumiaye dawa ya klorini asiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya usafi, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Godoro lililoota koga ndani litupwe.

Gunia la mahindi au karanga lisiegemezwe kwenye ukuta huo, bali liwekwe juu ya vichanja. Koga ya ukutani husuguliwa. Sumukuvu iliyoingia katika nafaka haitoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila chama cha msingi chaweza kupanga siku moja kabla ya vuli na siku moja kabla ya masika, wanachama wakaguane mapaa, wachimbe mitaro ya kuondoa maji kando ya misingi, na wakague ghala lao vivyo hivyo. Jembe na ngazi ni rahisi kuliko kopo la rangi la kila mwaka, na ni rahisi zaidi kuliko kumuuguza mtoto.