Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kuyatafuta Maisha ya Wafinyanzi wa Mrima katika Nyaraka za Familia

Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Mfinyanzi hulia gaeni" hufundishwa shuleni kuwa ni funzo juu ya fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Yeye anayewapatia wengine vyungu vizima hula chakula chake katika kigae cha chungu kilichovunjika. Mhadhara huu unaichukua methali hiyo kwa maana nyingine, inayowahusu wanahistoria na wanaisimu: katika nyaraka pia, mfinyanzi ameachiwa kigae. Jina lake huenda limo, tena nusu. Kazi yake haimo.

Eneo linalohusika ni Bagamoyo na mwambao unaoshuka kusini kupitia Kaole na Mbegani hadi Bunju na Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Ni sehemu ya pwani iliyojulikana tangu zamani kwa jina la Mrima. Swali linaloulizwa ni hili: je, maisha ya mwanamke aliyefinyanga vyungu katika eneo hilo mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20 yanaweza kufuatiliwa kwa kutumia nyaraka za familia? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba yanaweza, kwa sharti kuwa mtafiti atambue kwamba hati na ufundi vilirithiwa kwa njia mbili. Hati ilifuata jina la baba. Ufundi wa udongo ulifuata mkono wa mama. Anayesoma hati peke yake huukosa ufinyanzi, na anayechunguza vyungu peke yake humkosa mfinyanzi.

Neno na Mtu

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Nomino mfinyanzi imeundwa kutokana na kitenzi finyanga kwa kiambishi tamati -i, ambacho huathiri konsonanti iliyo mbele yake. Kwa utaratibu huo huo, jenga hutoa mjenzi na tunga hutoa mtunzi. Huu ni utaratibu wa kale wa uundaji wa nomino za watendaji, tofauti na ule wa -aji ambao hutumika kwa wepesi zaidi leo. Kwa hiyo umbo la neno linashuhudia ukongwe wa kazi. Lakini neno hilo, kama nomino nyingine za ngeli ya mu-wa, halionyeshi jinsia. Msomaji anayelikuta katika kamusi hawezi kujua kwamba, katika nchi za Wazaramo, Wakwere na jirani zao, anayetajwa kwa kawaida alikuwa mwanamke.

Ulinganisho wa mtunzi na mfinyanzi unafundisha jambo. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Safari ya Mtoro kutoka Bagamoyo hadi Berlin, alikofundisha Kiswahili, inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa aliandika na aliandikwa. Wanawake wa mji huo huo waliofinyanga mitungi ya maji na vyungu vya kupikia hawakuacha waraka wa aina hiyo. Walichoacha ni msamiati. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, mmisionari aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1879, ilitolewa kati ya mwaka 1939 na 1941, na ni hazina kubwa ya maneno ya lahaja za pwani, ikiwa ni pamoja na ya Mrima. Maneno kama mtungi, kikaango, mkungu wa kufunikia, kibia, waya wa kuchomea mikate na chetezo cha kufukizia ubani yanadhihirisha kwamba kila kazi ya nyumba ilikuwa na chombo chake, na kila chombo kilidai ujuzi wake.

Nyaraka na Jina la Baba

Nyaraka zinazoweza kuihusu familia ya Mrima ni za aina nne hivi. Kwanza ni hati za Kiislamu: wosia, mgawanyo wa mirathi, mauzo ya shamba au nyumba, na hukumu za kadhi. Pili ni madaftari ya kanisa. Shirika la Mapadre wa Roho Mtakatifu lilianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 na kuwaweka huko watu waliokombolewa utumwani. Daftari la ubatizo kwa kawaida hutaja jina jipya la Kikristo, wazazi wakijulikana, na wasimamizi. Tatu ni kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambao makao yake makuu yalikuwa Bagamoyo kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Humo zimo hati za uhuru walizopewa watumwa na habari za kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Sehemu ya kumbukumbu hizo imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nne ni karatasi zilizobaki sandukuni: nasaba, barua, stakabadhi na vyeti.

Kila aina iliandikwa kwa haja yake. Kadhi alitaka kujua nani amrithi nani. Padre alitaka kujua nani amebatizwa na nani anaweza kufunga ndoa na nani. Ofisa wa kodi alitaka kibanda na mwenye kukilipia. Aliyetoa hati ya uhuru alitaka kutofautisha mtu na bwana wake wa zamani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuandika kwamba mwanamke huyu hufinyanga.

Hali hii haikuwa ya Mrima peke yake. Nchini Uingereza, katika miji ya Staffordshire iliyosifika kwa ufinyanzi, sensa ya mwaka 1841 iliandika majina pamoja na kazi, hata mjukuu wa leo anaweza kumpata babu wa babu yake katika kiwanda cha Burslem. Hata hivyo, kazi za wake na mabinti wa wafanyakazi hao ziliachwa mara nyingi bila kutajwa. Palipokuwa na wingi wa karatasi, bado mwanamke aliandikwa kwanza kwa uhusiano wake na mwanamume.

Katika Mrima uhusiano huo unabebwa na neno moja, binti. Mwanamke huandikwa binti wa fulani, na ukoo wake husomeka kwa upande wa baba. Lakini Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, ambao wengi wa watu wa miji hii wamechangamana nao kwa damu, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Utafiti wa Marja-Liisa Swantz kuhusu Wazaramo, uliotolewa mwaka 1970 na kutokana kwa kiasi kikubwa na maisha ya kijiji cha Bunju, unaonyesha jinsi mila za mwali na malezi yake zilivyoshikwa na wanawake. Ufinyanzi ulikuwa katika njia hiyo hiyo. Msichana alijifunza kuchagua udongo, kuuponda, kuuchanganya na mchanga, kuujenga kwa mkono bila gurudumu, kuulainisha kwa kome au gunzi, kuuanika kivulini na kuuchoma uwanjani, akiwa na mama, bibi au mama mdogo. Basi mtafiti anayepanda nasaba ya binti kwa kufuata baba zake anaipanda ngazi ambayo ufundi haukupita.

Namna ya Kusoma

Hatua ya kwanza ni kulitambua jina. Mwanamke mmoja wa pwani aliweza kuwa na majina matatu au manne katika maisha yake. Katika hati alikuwa binti wa fulani. Mtaani, baada ya kuzaa, alikuwa mama wa fulani. Uzeeni akawa bibi wa fulani. Akibatizwa, alipata jina la mtakatifu. Aidha, "binti Abdallah" laweza kuwa jina la mtoto wa mtu aliyeitwa Abdallah, na laweza pia kuwa jina alilopewa mwanamke aliyetengwa na wazazi wake kwa utumwa, kwa maana ya binti wa mja wa Mungu. Majina haya hayawezi kuunganishwa kwa kufanana kwake tu. Yanahitaji shahidi wa pili: mahali, mwaka, jina la mtoto, au mpaka wa shamba.

Hatua ya pili ni kuyasoma maandishi kwa tahadhari. Hati nyingi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikutosheleza sauti zote za Kiswahili. Mara nyingi herufi shini ilisimama badala ya ch na sh, ghaini badala ya g na gh, na nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa. Neno chungu likiandikwa hivyo, msomaji asiyeijua habari inayozungumzwa anaweza kulisoma kwa namna mbili au tatu. Hata likisomeka sawasawa, bado linaweza kuwa chombo, ladha au fungu la vitu. Hali kadhalika, neno vyombo katika orodha ya mirathi linaweza kumaanisha vya jikoni au vya baharini, na muktadha ndio uamuzi. Mkusanyo wa C. G. Büttner wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, uliotolewa mwaka 1892, unafaa sana kuwazoeza wanafunzi usomaji wa aina hii.

Hatua ya tatu ni kuwauliza walio hai, na kuwauliza kwa upande wa mama. Badala ya kuanza na swali "Baba yako ni nani?", mtafiti aulize: "Nani alikufundisha? Naye alifundishwa na nani? Udongo mliuchimba wapi?" Majibu ya maswali matatu hayo hujenga nasaba ya pili, ya ufundi, ambayo baadaye hulazwa juu ya nasaba ya hati. Pale mistari miwili inapokutana, kwa jina la mahali au la mtoto, ndipo maisha ya mfinyanzi huanza kuonekana.

Ushahidi wa Vigae

Wanaakiolojia wameusoma udongo wa pwani hii kwa bidii kubwa. Vyungu vya Kwale, vilivyopewa jina hilo na Robert Soper mwaka 1967, na vyungu vya michoro ya pembetatu vilivyochunguzwa na Felix Chami katika kitabu chake cha mwaka 1994, vimethibitisha kwamba ufinyanzi wa wenyeji ulikuwapo katika mwambao wa Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Mchango huo uliwasaidia wengi kuiacha dhana kwamba ustaarabu wa Waswahili uliletwa wote kutoka ng'ambo.

Pamoja na hayo, kigae hakina nasaba. Kufanana kwa michoro hakuthibitishi kwamba mfinyanzi wa Bagamoyo wa mwaka 1900 alitokana kwa damu na mfinyanzi wa miaka 1,000 iliyotangulia. Wanawake waliolewa mbali, walitekwa, walihama, na waliiga walichokiona sokoni. Vilevile macho ya wageni yamevutwa zaidi na vyombo vya mbali. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yanasifika kwa kaure za Kichina zilizopachikwa humo, ilhali chungu cha mwenyeji kilichopika chakula cha mazishi hakikupachikwa popote.

Mfano wa David Drake unaonyesha yanayowezekana pale chombo kinapokuwa hati. Mtu huyo alikuwa mfinyanzi mtumwa katika jimbo la South Carolina, Marekani. Alitia jina lake na tarehe kwenye mitungi yake, ingawa sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza watumwa kufundishwa kuandika. Baada ya ukombozi, sensa ya mwaka 1870 inamtaja kwa jina na kwa kazi yake. Mfinyanzi wa Mrima hakutia sahihi. Kwa hiyo sahihi yake haina budi kutafutwa katika kumbukumbu za waliofundishwa naye.

Heshima ya Ukoo

Suala zito kuliko yote si la mbinu bali la haki. Bagamoyo ilikuwa kituo cha misafara, na wengi walifika huko wakiwa watumwa. Chini ya Wajerumani, watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa kuwa huru; utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Familia nyingi zilijijengea heshima kwa kuacha kutaja asili hiyo. Mtafiti anayefuata mkono wa mama anaweza kuifikia siri ambayo jina la baba liliifunika kwa makusudi.

Hapa pana mvutano wa kweli. Kunyamaza ni kumnyima mfinyanzi nafasi yake mara ya pili. Kutangaza ni kuwavua wajukuu sitara waliyoachiwa. Busara ni kuzitenganisha kazi mbili. Nasaba ya ufundi inaweza kutolewa hadharani kwa ridhaa ya wenyewe, ikionyesha nani alimfundisha nani. Hadhi ya kisheria ya marehemu, kama alikuwa mtumwa au mwungwana, ibaki mikononi mwa familia, hata kama mtafiti ameisoma kwa macho yake katika daftari. Ukimya wa familia nao ni ushahidi. Unaweza kutajwa kwamba upo bila ya kuvunjwa.

Hitimisho

Sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vyungu na mitungi katika nyumba nyingi, na mabinti wanaojifunza kufinyanga si wengi. Nyaraka za karatasi zitasubiri kwa muda, lakini kumbukumbu za bibi hazisubiri. Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa Kiswahili wanaotumwa Bagamoyo na vijiji vya jirani kukusanya methali na msamiati waongeze katika madodoso yao maswali yale matatu: nani alifundisha, naye alifundishwa na nani, na udongo ulichimbwa wapi. Nao wanaohariri hati za kale waache mazoea ya kulipita neno vyombo bila maelezo. Kazi hizo mbili hazihitaji gharama kubwa. Zikifanywa pamoja, zitawezesha kuandika, pembeni ya jina la binti wa fulani, neno ambalo mwandishi wa kwanza hakuliandika: mfinyanzi.