Picha Yako, Idhini Yako

Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, Immaculate Kassait, aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000. Kosa lake: kubandika mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha burudani nacho kikatozwa 1,850,000 kwa kuanika picha ya mteja aliyekuwa amejiendea kustarehe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, ilikwishaahidi faragha. Ahadi hiyo ilingoja miaka tisa kuota meno, hadi Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Katika pengo hilo ndipo programu za mikopo zilipojipenyeza. Unakopa elfu mbili, unabonyeza "kubali" bila kusoma (nani husoma?), na programu inazoa namba zote za simu yako. Ukichelewa kidogo kulipa, anayepigiwa ni mama mkwe. Au bosi. Aibu ndiyo dhamana. Mkopeshaji mmoja wa aina hiyo naye alikuwemo kwenye orodha ya faini za Septemba.

Jirani Tanzania nayo ilipitisha sheria yake ya aina hiyo 2022, ikaanza kutumika Mei 2023.

Kwangu mimi, faini hizi za Kenya ni haki tupu, ila zinategemea mtu aliyethubutu kulalamika. Sheria ya Kenya inaruhusu lalamiko la maandishi au la mdomo, na inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kama picha yako inauza biashara ya mtu bila ruhusa yako, nenda kalalamike.