Programu za Bure za Simujanja na Kigezo cha Kufanya Kazi Bila Bando

Mada hii inahusu programu tumizi za bure za simujanja, yaani programu ambazo mtumiaji huzipakua na kuzisakinisha katika simu yake ili zimfanyie kazi mahususi, kama vile kumwonesha njia, kumfungulia kitabu au kumtambulia ugonjwa wa zao. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa mtu anayenunua intaneti kwa bando la siku au la wiki, programu yenye manufaa ya kweli ni ile inayoendelea kumtumikia baada ya bando kwisha, na kwamba kigezo hicho ndicho walimu, wakutubi, maafisa ugani na wengine wanaoombwa ushauri kuhusu simu wanapaswa kukitanguliza kabla ya kutazama uzuri wa sura ya programu au wingi wa watu walioipakua.

Programu nyingi zinazopakuliwa bila malipo huendeshwa kwa fedha za matangazo, na gharama ya matangazo hayo humrudia mtumiaji kwa njia mbili. Kwanza, kila picha au video ya tangazo huingia katika simu kwa bando la mwenye simu, wala si kwa gharama ya mtangazaji, hivyo hata programu ya tochi au ya kikokotoo, ambayo kwa asili ya kazi yake haihitaji intaneti hata kidogo, huweza kula megabaiti alizokusudia mtu kuzitumia kwa jambo jingine. Pili, matangazo hutafuta taarifa binafsi, yaani taarifa zinazomtambulisha mtu na mienendo yake, kama vile mahali alipo na majina aliyoyahifadhi katika simu. Mwezi Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na mtengenezaji wa programu ya tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni, baada ya kumtuhumu kuwa programu hiyo ilipeleka kwa kampuni za matangazo mahali alipo mtumiaji pamoja na kitambulisho cha simu yake bila kumweleza ipasavyo.

Katika Afrika Mashariki madhara ya namna hiyo yamejitokeza kwa ukali zaidi katika programu za mikopo, ambazo baadhi yake huomba ruhusa ya kusoma namba zote alizozihifadhi mkopaji, kisha deni likichelewa huwatumia ujumbe ndugu, wakwe na mwajiri wake ili kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo ya kidijitali bila leseni. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizo ni za lazima na zinastahili kufundishwa, lakini mara nyingi humfikia mlalamikaji baada ya heshima yake kwisha kuvunjwa, ilhali ruhusa yenyewe hutolewa na mtumiaji kwa kubonyeza mara moja. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, programu hulazimika kuomba ruhusa moja moja pale inapoihitaji, na mtumiaji anaweza kukataa mojawapo bila kuiondoa programu, au kuifuta ruhusa aliyokwisha kuitoa kwa kuingia katika mipangilio ya simu. Mafunzo yoyote ya simu yanayoliruka jambo hili yamewaacha wanafunzi wake katika hatari ambayo ingeweza kuepukwa kwa nusu saa ya maelekezo.

Lipo kundi la programu ambalo kwa kawaida huepuka gharama hizo mbili za matangazo, ya bando na ya taarifa binafsi, nalo ni la programu huria, yaani zile ambazo msimbo chanzo wake, ambao ni maandishi ya amri zinazoiendesha programu, umewekwa wazi ili yeyote ausome, aunakili na kuurekebisha. Mfano unaofahamika na wengi ni VLC, programu ya kuchezea sauti na video iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, na ambayo hadi leo haioneshi tangazo lolote. Programu za aina hii hukusanywa pia katika duka la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, ambalo halimtaki mtumiaji afungue akaunti. Hata hivyo, uhuria wa msimbo haumaanishi kwamba programu itafanya kazi bila intaneti, na kwa sababu hiyo inafaa kutazama kwa karibu zile zinazotimiza sharti hilo.

Miongoni mwazo ni Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa lengo la kuiwezesha Wikipedia isomwe mahali pasipo na mtandao. Utendaji wake ni rahisi kueleza: makala zote za kamusi elezo hubanwa katika faili moja pamoja na faharasa yake, mtumiaji hulipakua faili hilo mara moja, na tangu hapo kutafuta na kusoma hufanyika ndani ya simu pekee. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100, kiasi ambacho simu nyingi za bei nafuu haziwezi kukibeba. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo mno ikilinganishwa nayo, na udogo huo, ambao ni upungufu mkubwa kwa mtafiti, una faida hii moja kwamba faili lake huingia katika simu ya kawaida bila kuijaza. Kwa njia hiyohiyo hupatikana mafaili ya majaribio ya sayansi ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, yanayomwezesha mwanafunzi wa shule isiyo na maabara kuunganisha saketi ya umeme au kupima asidi na besi katika skrini.

Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni uhalali wa kugawana mafaili hayo. Makala za Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, ambayo humruhusu mtu kuzinakili na kuzigawa ili mradi ataje chanzo na nakala zibaki chini ya leseni ileile, hivyo mwalimu aliyepakua faili kwa Wi-Fi ya chuo anaweza kuwarushia wanafunzi wake wote simu kwa simu, au kuwapa kwa kadi ya kumbukumbu, bila kumdhulumu mwandishi yeyote. Hali hiyo ni tofauti kabisa na ile ya vitabu vya kiada vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuzungushwa katika makundi ya WhatsApp, ambako mwandishi na mchapishaji hupoteza haki yao na msomaji hupata maandishi yasiyosomeka vizuri.

Kurasa za kawaida za tovuti nazo zinaweza kuhifadhiwa katika simu, kwa kuwa vivinjari kama Chrome na Firefox vina njia ya kuupakua ukurasa au kuugeuza kuwa faili la PDF, lakini mengi hutegemea namna ukurasa ulivyotengenezwa. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa majedwali ya maandishi matupu, ni mfano mwema wa ukurasa mwepesi unaofunguka hata kwa mtandao dhaifu. Kinyume chake, taasisi nyingi za umma hutoa matangazo yao kama picha ya barua yenye mhuri, na picha hiyo, mbali na kuwa nzito, haiwezi kutafutwa kwa neno wala kusomwa kwa sauti na programu wanayoitumia wasioona, hivyo tangazo linalomhusu kila raia huwafungia nje baadhi ya raia hao. Kuliandika tangazo kama maandishi hakuhitaji fedha wala mtaalamu, na ni vigumu kuona sababu ya kuendelea na desturi ya kutoa picha.

Programu inayostahili uchambuzi mrefu zaidi ni PlantVillage Nuru, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, inayojulikana kwa kifupi kama IITA. Tatizo inalolikabili ni la zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Muhogo hushambuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi: batobato, ambao huyatia majani mabaka ya njano na kuyakunja, na michirizi ya kahawia, ambao uliripotiwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika Tanganyika ya wakati huo. Ugonjwa wa pili huogopwa zaidi kwa sababu shina na majani huweza kuonekana na afya, kumbe mizizi imekwisha kuoza kwa ndani, na mkulima hutambua hasara yake siku ya kuvuna. Yote mawili husambazwa na nzi weupe na pia na vipando, yaani vipande vya shina vinavyopandwa, vinapochukuliwa kutoka katika shamba lenye ugonjwa.

Nuru hufanya kazi kwa kile kinachoitwa akili unde, yaani uwezo wa kompyuta kujifunza kutokana na mifano mingi badala ya kupewa kanuni moja baada ya nyingine. Picha za majani ya muhogo zilizotumika katika hatua za mwanzo za utafiti huo zilipigwa katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo, jambo lenye uzito, kwa kuwa mfumo uliofunzwa kwa majani ya hapa huyatambua majani ya hapa vizuri kuliko uliofunzwa kwa picha za maabara za nchi nyingine. Kazi ya kutambua hufanyika ndani ya simu, hivyo mkulima aliye shambani, mbali na mnara, huielekeza kamera kwenye jani na kupata jibu papo hapo, tena kwa Kiswahili akitaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65 ilipooneshwa jani moja, ilhali maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58 na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipooneshwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo, anayefundisha matumizi ya programu hii na kuridhika na jani moja anamnyima mkulima sehemu kubwa ya faida yake.

Ni lazima pia kueleza bayana mpaka wa programu yenyewe. Nuru husoma majani, haisomi mizizi, na magonjwa haya ya virusi hayana dawa ya kuyatibu, hivyo baada ya kuyatambua mkulima hubaki na kazi ya kung'oa mimea iliyoathirika na kutafuta vipando safi, hasa vya aina zinazostahimili ugonjwa kama Kiroba. Pale ambapo vipando hivyo havipatikani, programu itakuwa imempa mkulima jina la ugonjwa tu, na jukumu la kuvifikisha kijijini ni la watafiti, halmashauri na wazalishaji wa mbegu.

Programu za ramani nazo zimezungukwa na dhana moja potofu, kwamba simu haiwezi kujua mahali ilipo bila intaneti. Kipokezi cha GPS kilichomo katika simu hupokea tu mawimbi kutoka katika setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa takribani kilomita 20,200, nacho hukokotoa mahali kilipo kikipata mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, bila kutuma wala kununua chochote. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayochorwa chini ya alama inayoonesha mahali hapo. Intaneti huiharakishia simu kupata taarifa za mapito ya setilaiti, hivyo bila hiyo simu huweza kuchukua muda kidogo mahali pa wazi kabla ya kuonesha alama, na mtumiaji asiyejua hilo hudhani kuwa imeharibika.

Programu huria kama Organic Maps na OsmAnd hupakua ramani ya nchi au mkoa mzima na kutafuta njia ndani ya simu. Zinaweza kufanya hivyo kwa sababu hutumia data za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea na huruhusiwa kuchukuliwa yote bila malipo. Mchango wa Afrika Mashariki katika ramani hiyo si mdogo: mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao uliokuwa karibu mtupu katika ramani, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi katika kuchora mitaro, njia na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwa mojawapo. Katika Organic Maps, mtumiaji anaweza kuongeza zahanati au kisima kisichokuwamo akiwa palepale mahali husika bila mtandao, nyongeza hiyo ikahifadhiwa katika simu hadi atakapopata Wi-Fi ya kuipeleka, na baada ya hapo kila atakayesasisha ramani ya eneo hilo, awe dereva wa gari la wagonjwa au mgeni wa kijiji, huikuta imo.