TUSINGOJE MWANDISHI AFE NDIPO TUMSOME

Hotuba ya mwenezi wa Chama mbele ya walimu, wakulima na wachimbaji, Chunya mjini



Tunawashukuru kwa kuacha maduara na mashamba ya tumbaku mkaja kusikiliza habari ya vitabu. Tunajua wako waliouliza njiani, "Chama kina kazi gani na hadithi?" Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu.

Watu wa Chunya hawahitaji kufundishwa kutafuta. Tangu dhahabu ilipoonekana Lupa mwaka 1922, watu wamekuja hapa kutoka kila upande, na wengi wao hawakuwa na mitambo, bali sururu, karai na subira. Tena mnajua habari ya marudio. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ukaachwa kuwa hauna kitu, huja mtu mwingine akauchenjua upya akapata dhahabu. Vitabu vya nchi hii navyo ni hivyo hivyo.

Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliosumbuliwa na ndugu kwa kukosa mtoto. Hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Miaka 35 ilikuwa imepita! Mzee akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye kitabu hicho kikatolewa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na watu wa mbali wakakisoma. Je, sisi tuliomo humu, ni wangapi tumekisoma?

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alianza kutoa riwaya mwaka 1987. Mwaka 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel, wengi wetu tuliulizana, "Ni nani huyu?" Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 tuliipata kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Dunia ilitutangulia kumjua mtoto wetu. Ndugu zangu, hiyo si sifa.

Basi jibu la lile swali ni hili. Nchi iliyojitawala huku ikingoja wageni waiambie ni nani mwandishi wake hodari, bado haijajitawala akili yake.

Wako wanaosema kwamba vitabu vya Kiswahili ni vya shule tu. Si kweli. Anayependa upelelezi, yuko Muhammad Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la East African Literature Bureau kabla ya kutoka mwaka 1960, na siku hiyo hapakuwa na mtu aliyemjua Bwana Msa. Anayetaka habari za kijana aliyeacha kijiji akakimbilia mjini, atafute Shida ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975. Mpenda tamthilia ana Hatia ya Penina Muhando, ya mwaka 1972. Na wa leo wapo pia. Mwaka 2017, Tuzo ya Mabati-Cornell ilimpa ushindi wa ushairi Dotto Rangimoto kwa diwani ya Mwanangu Rudi Nyumbani, na mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon akashinda kwa riwaya ya Mungu Hakopeshwi. Waulizeni vijana wenu kama wameyasikia majina hayo.

Lakini tuanze kujilaumu sisi wenyewe. Ingia katika ofisi nyingi za matawi yetu. Utakuta daftari la wanachama, picha ukutani na kiti cha mgeni. Kitabu hukuti. Twasimama jukwaani tukikisifu Kiswahili, kisha hatununui hata ukurasa mmoja wa anayekiandika.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu.

Kwanza, kila tawi liwe na rafu. Watu kumi wakichanga, kitabu kimoja kitanunuliwa bila mtu kuumia, hasa wakati wa fedha za tumbaku. Katika kila vitabu vitatu, kimoja kiwe cha mwandishi ambaye hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kumsikia.

Pili, kisomwe kwa sauti jioni, ili asiyejua kusoma naye apate sehemu yake. Si kila mwamba una dhahabu. Kitabu kikiwa kibaya tuseme ni kibaya, na sababu tuitaje. Kikiwa kizuri, tukipeleke Makongolosi na Matundasi wakakisome na wenzetu.

Tatu, tuache kutoa kopi za kitabu kizima na kupelekeana kwa simu. Mchimbaji akiibiwa mfuko wa mawe, kijiji kizima hupiga kelele. Mwandishi akiibiwa kazi ya miaka mitano, twacheka na kusema tumeokoa fedha. Huo ni wizi, hata mwizi akiwa mwalimu, hata akiwa mwenezi wa Chama.

Ndugu wananchi, huenda katika mabonde haya ya Lupa yuko mama au kijana mwenye daftari chini ya godoro, naye anaona haya kulionyesha. Hatuna fedha za kumpa. Tunaloweza kumpa ni wasomaji, nao ni ninyi. Tusimfanye angoje miaka 35.

Uhuru na Umoja!