Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

(Hotuba ya mwalimu katika sherehe ya kuwaaga wahitimu wa kidato cha sita)



Tangu 2012 wanafunzi wengi wa ngazi hii nchini Uganda hutakiwa kuongeza ama hisabati ndogo ama kompyuta. Vijana tunaowaaga leo walichukua kompyuta, wakafanya mtihani wa kuandika na wa vitendo. Wazazi, pigeni makofi. Wengi wenu hamjawahi kuigusa mashine hiyo, lakini mliuza mahindi ya mgao ili mtoto apate daftari.

Mimi nilisomea ualimu Wanyange, karibu na Jinja. Ukiwa mlimani unaliona Ziwa Victoria, na si mbali na hapo Mto Nile unaanza safari yake. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Tulipokwenda mazoezi ya kufundisha vijijini, nilikuta nyaya za umeme zinapita juu ya nyumba, na ndani watoto wanasoma kwa kibatari. Nikajiuliza: umeme ukipita juu ya paa la mtu, je, mtu huyo ana umeme?

Swali hilo limenirudia hapa kambini, na leo nalijibu mbele yenu. Mashine zilipoletwa, ziliandikwa katika orodha ya mali, nami nikatia sahihi. Niliogopa. Moja ikiharibika, mkimbizi atalipa nini? Nikafunga mlango, nikafungua saa ya kipindi tu. Binti mmoja aliniomba aingie Jumamosi kujizoeza. Nilimkatalia. Wiki iliyofuata nilimkuta amechora kibodi kwenye kipande cha boksi, anagonga herufi za kalamu kwa vidole vyake. Sikusema kitu. Jioni ile nilimpa ufunguo. Leo yumo kati ya wahitimu hawa.

Ndugu zangu, mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa gari la umeme la viti viwili, Kiira EV. Mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola, linalotumia betri na nguvu za jua. Baadaye kiwanda cha magari hayo kikajengwa Jinja. Angalieni mfuatano wake. Vijana walishika spana kwanza, kiwanda kikafuata. Hawakungoja kila kitu kiwe tayari ndipo wajifunze, na bila shaka waliharibu vyuma vingi njiani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa mashirika: msituhesabie mashine peke yake, hesabuni pia saa ambazo mtoto amekaa mbele yake. Na chombo kikiharibika kwa kutumiwa, msimfanye mwalimu kuwa mshitakiwa. Kwa Kamati: chumba kifunguliwe Jumamosi, na saa za asubuhi wapewe wasichana, kwa sababu jioni wako kwenye foleni ya maji na jikoni. Kwa wazazi: siku hiyo mpunguzieni binti kazi, kaka yake naye abebe dumu.

Wahitimu, cheti ni karatasi. Kihifadhini mahali pakavu. Wengine mtapata nafasi ya chuo, wengine mtangoja, na kungoja tunakujua sote. Lakini msingoje mikono mitupu. Nawaomba kila mmoja amfundishe mtoto mmoja kabla ya mwaka kwisha. Tulipokimbia tuliacha nyumba na mashamba, lakini tulichojifunza hakikubaki nyuma.

Ufunguo huu sasa naukabidhi kwa Kamati, mbele ya macho yenu. Usirudi mfukoni mwa mtu mmoja.