Kabla Hujatia Sahihi



Wahitimu, kazini mtatia sahihi kila siku: mikataba, ripoti, mihutasari ya vikao. Ndiyo maana nawapeleka Chekoslovakia ya zamani, ilipokuwa chini ya chama cha kikomunisti, ambako sahihi moja iliweza kubadili maisha ya mtu.

Januari 1977, watu zaidi ya 240 walitia sahihi waraka ulioitwa Hati ya 77. Waliikumbusha serikali kwamba yenyewe ilitia sahihi makubaliano ya Helsinki ya 1975 kuhusu haki za binadamu, wakaitaka itimize ahadi. Basi! Mmoja wa wasemaji wake, Jan Patočka, profesa wa falsafa mwenye miaka 69, alihojiwa na polisi kwa saa nyingi, akaugua, akafariki Machi 13. Mwenzake Václav Havel, mwandishi wa tamthilia, alifungwa miaka kadhaa. Mwanahabari Jiří Dienstbier aliishia kuchochea tanuri za kupasha majengo joto. Hata watoto wa waliotia sahihi walinyimwa nafasi vyuoni, na hilo huniuma kuliko yote.

Lakini kulikuwa na sahihi nyingine. Januari 28 mwaka huohuo, wasanii mashuhuri waliitwa kwenye jumba la taifa la maonyesho mjini Praha ili kutia sahihi tamko la kuwalaani wenzao wa Hati ya 77. Magazeti yalikuwa yameitukana Hati bila kuichapisha, kwa hiyo wengi walilaani maneno ambayo hawakuyasoma. Siwahukumu kwa wepesi. Walikuwa na kazi za kulinda na watoto wa kulea. Hata hivyo, utawala ule ulidumu kwa sahihi kama hizo kuliko kwa magereza yake.

Novemba 17, 1989, wanafunzi wa Praha waliandamana kumkumbuka Jan Opletal, mwanafunzi aliyeuawa na Wanazi miaka 50 kabla. Polisi waliwapiga vibaya, nchi nzima ikaamka, na utawala ule ukaanguka. Kabla ya mwaka kwisha Havel alikuwa rais, na Dienstbier waziri wa mambo ya nje. Sheria ya 1991 ilipowafungia nyadhifa za umma washirika wa polisi wa siri wa utawala ule, baadhi ya wapinzani wa zamani waliikosoa, wakikataa watu kuhukumiwa kwa mkumbo. Kwangu mimi, huo ndio upinzani uliokomaa.

Wahitimu, siku mtakapoletewa karatasi na kuambiwa, "Weka sahihi hapa, wenzako wote wameshaweka," ombeni muda wa kuisoma. Mkinyimwa, irudisheni bila sahihi.